Ujasusi wa Dola na Maarifa ya Wenyeji: Manowari Königsberg katika Delta ya Rufiji, 1914–1915

Watawala wametumia wapelelezi tangu kale, lakini ujasusi kama idara ya kudumu ya serikali, yenye majalada na watumishi wa mshahara, ni jambo la juzi. Nchini Uingereza idara hiyo iliundwa mwaka 1909 chini ya maofisa wawili. Vernon Kell wa jeshi la nchi kavu alikabidhiwa kazi ya kuwasaka majasusi wa kigeni ndani ya nchi, na Mansfield Cumming wa jeshi la majini akapewa kazi ya kukusanya habari ng’ambo. Msukumo mmojawapo ulikuwa hofu ya majasusi wa Kijerumani, ambayo riwaya za William Le Queux ziliichochea sana. Inashangaza kwamba taasisi iliyokusudiwa kuchuja ukweli ilisukumwa, kwa sehemu, na hadithi za kubuni.

Masimulizi ya kipindi hiki kwa kawaida hubaki Ulaya, hasa katika ofisi za London na kisa cha telegramu ya Zimmermann ya 1917. Makala hii inadai kwamba kanuni za ujasusi mpya zinaonekana waziwazi katika delta ya Rufiji pia, na kwamba huko ndiko linakojitokeza swali ambalo masimulizi hayo hayaliulizi: taarifa iliyoitwa ya dola ilikuwa maarifa ya nani?

Tarehe 20 Septemba 1914, Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus bandarini Zanzibar, kisha ikatoweka. Waingereza hawakudhani kwamba chombo kikubwa kama kile kingeweza kuingia katika mifereji ya Rufiji. Wajerumani walikuwa wameipima mifereji hiyo kabla ya vita. Fumbo lilianza kufumbuliwa mwezi Oktoba huko Lindi, ambako mabaharia wa manowari Chatham waliipekua meli Präsident na kukuta karatasi zilizoonyesha kuwa matishari ya makaa ya mawe yalikuwa yamepelekwa Rufiji. Hakukuwa na wino wa siri wala mwanamke mrembo. Ilikuwa hati ya shehena, iliyosomwa na mtu aliyejua kuwa penye makaa pana tanuri.

Hata hivyo, kujua mahali adui alipo si sawa na kumjua. Manowari ilikuwa imefichwa nyuma ya mikoko, mbali na masafa ya mizinga ya meli kubwa zilizoshindwa kupita kwa uchache wa maji. Mnamo Novemba ndege iliyorushwa na rubani wa kiraia kutoka Afrika Kusini iliiona kutoka angani. Ndege ingeweza kuonyesha chombo kilipo, lakini haikuweza kupima kina cha mfereji. Kwa sababu hiyo aliajiriwa mwindaji P. J. Pretorius, aliyeijua nchi ile tangu kabla ya vita. Yeye na wasaidizi wake Waafrika waliingia deltani kwa siri, wakachunguza mifereji, kina chake na mwendo wa maji kupwa na kujaa.

Hapa ndipo kiini cha hoja yetu. Mifereji hiyo ilikuwa njia ya kila siku ya wavuvi, wakata boriti na manahodha waliosafirisha miti ya mikoko hadi Arabuni. Kujua saa ya bamvua, au mkono upi wa mto hukauka, hakukuwa siri kwao. Kulifanyika siri pale tu kulipoandikwa katika ripoti ya jeshi. Ripoti hiyo ilibeba jina la Pretorius, naye akatunukiwa nishani. Majina ya waliomwongoza hayakupewa nafasi kama hiyo, na mtafiti anayetegemea nyaraka hizo peke yake hurithi upungufu wake.

Tanga inatoa kipimo cha upande wa pili. Mnamo Novemba 1914, Jenerali Aitken alifika na askari wapatao 8,000, akashindwa na kikosi cha von Lettow-Vorbeck cha watu kama 1,000. Manowari Fox ilikuwa imetangulia bandarini kutangaza kwamba makubaliano ya kutoushambulia mji yamekwisha, na muda huo ulitosha kwa Wajerumani kuleta askari kwa reli kutoka Moshi. Ofisa habari wa msafara huo, Richard Meinertzhagen, aliacha shajara ambazo wasomi wa baadaye wameonyesha kuwa hazistahili kuaminiwa bila ushahidi mwingine. Kwa hiyo sikuzitegemea.

Shambulio la kwanza la vyombo vya maji mafupi, Severn na Mersey, tarehe 6 Julai 1915, halikufaulu. La pili, tarehe 11 Julai, liliiangamiza Königsberg, huku ndege zilizoruka kutoka Mafia zikielekeza mizinga. Lakini isidhaniwe kwamba wenyeji walisimama upande mmoja. Wajerumani nao walikuwa na askari na walinzi pwani ya delta, na baada ya kushindwa waliiopoa mizinga ya manowari ikavutwa hadi Dar es Salaam kwa nguvu za Waafrika. Maarifa yaleyale ya nchi yalizitumikia dola mbili kwa wakati mmoja, na katika masimulizi ya pande zote mbili wenye maarifa hayo huitwa kwa neno moja tu: “wenyeji”.