Bei Moja ni Mtoto wa Juzi

Nilipoacha chuo, nilitangaza kompyuta yangu kwa 18,000 nilipe kodi ya nyumba. Jamaa mmoja akaandika, "Niko na 5,000, nakuja saa hii." Nikambloku. Wiki hiyo mwenye nyumba akatia kufuli mlangoni.

Nilidhani nimetukanwa, kumbe sikujua historia. Katika karne ya 17, Quaker wa Uingereza walikataa kupatana bei: kutaja bei usiyokusudia waliona ni uongo. Baada ya 1852, Aristide Boucicaut akaweka bei moja kwa wote katika Le Bon Marché, Paris. Ile bei ya kubandikwa ni mtoto wa juzi. Kupatana ni kwa zamani sana.

Gikomba bado ukiambiwa 500, unajua mazungumzo ndiyo yameanza. Ile 5,000 ilikuwa hodi tu. Ningejibu, "Ongeza, boss."