Kuzuia sauti au kutuliza bati?
Wanaofufua magari ya kale, kama Volkswagen Beetle yenye injini nyuma, husema wanataka "kuzuia sauti" ndani. Kitenzi hicho kinapotosha. Kelele nyingi hutoka kwenye bati linalotetemeka, na bati hutulizwa: kipande cha lami kilichobandikwa katikati yake hugeuza mtetemo kuwa joto kidogo, hata bila kulifunika lote. Kinachozuiwa hasa ni hewa ipitayo kwenye matundu ya sakafu na kingo za milango. Mvumo unaobaki hufyonzwa na zulia zito. Itasemwa kwamba fundi anaelewa vyovyote. Fundi, ndiyo, lakini mwenye gari aliyeambiwa "zuia" hujaza sponji milangoni, nayo hunywa maji ya mvua na kulitia bati kutu.