Faili Lipo, Mashine Inasema Halipo

Kuna ujumbe mmoja ambao kila anayejifunza kuandika JavaScript nje ya kivinjari atakutana nao, na mara nyingi atakutana nao usiku. Umeandika programu yako ndogo, umeipa jina, umeliandika jina hilo kwenye dirisha la amri, umebonyeza Enter. Mashine inajibu: "No such file or directory". Hakuna faili wala folda ya namna hiyo. Unaorodhesha folda, faili lipo. Unalifungua, limejaa maneno yako mwenyewe. Unaliita tena, halipo.

Ufundi peke yake hautoshi kuueleza ujumbe huu. Ukiuliza mitandaoni utapewa amri ya kunakili, utainakili, programu itawaka, nawe utabaki bila kujua ulichoponywa. Ugonjwa wenyewe ni wa zamani kuliko JavaScript, ni wa zamani kuliko hata kompyuta. Kwa hesabu yangu unaanza mwaka 1901.

Mimi niliulizia historia hiyo kwa sababu ya pamba. Malampaka, wilayani Maswa, ni mji wa stesheni. Reli ya kutoka Tabora kwenda Mwanza, iliyokamilika mwaka 1928, inapita pale, na kwa miongo mingi pamba ya Usukuma imesafiri juu yake. Siku hizi mkulima huuza kupitia chama cha msingi cha ushirika, AMCOS kama tunavyoziita, na kila msimu unapofunguliwa ugomvi ni uleule: mzani, kilo, na hesabu ya karani. Mtoto wa mjomba wangu, kijana aliyejifundisha kuandika programu kwa simu kabla hajagusa kompyuta, alitengeneza kitu alichokiita "pima". Unaandika pima, namba ya mkulima na kilo. Inajumlisha, inahifadhi, inatoa stakabadhi. Kamati ya chama kimoja ilikubali kuijaribu. Wazee wale hawakuwa na shida na kompyuta, walikuwa na shida na ahadi. Walisema wataiona siku moja. Ikigoma, wanarudi kwenye daftari.

Aliiandika kwenye kompyuta ya kuazima, akaihamisha kwa flashi hadi kwenye laptopu ya chama, mashine kuukuu yenye Linux ya miaka mingi. Ikagoma. Akanipigia nikiwa Mwanza, nikapanda gari asubuhi yake.

"Kaka, nimeifuta na kuiweka upya mara sita," aliniambia kabla sijamaliza kumwamkia mjomba. "Inasema haipo."

Ukiandika kwa kirefu, yaani "node pima.js", kila kitu kilikwenda sawa: kilo zilijumlishwa, stakabadhi ilitoka. Kwa hiyo Node ilikuwepo na programu haikuwa na kosa. Ukiandika "pima" tu, jibu lilikuwa hili hapa, herufi kwa herufi: ": No such file or directory". Tazama lilivyoanza. Linaanza na nukta mbili. Sentensi haina kiima. Mashine inalalamika kwamba kitu fulani hakipo, lakini jina la hicho kitu limeliwa.

Mzee karani, ambaye alikuwa amekaa pembeni na kitabu chake cha stakabadhi mapajani, aliuliza swali lililokuwa bora kuliko yote yaliyoulizwa siku ile: "Sasa inamtafuta nani?"

Ili kumjibu inabidi twende kwenye simu. Neno hilo lenyewe linakumbuka zaidi yetu: asili yake ni Kiajemi, maana yake waya, na kwa bibi na babu zetu "kupiga simu" kungeweza kabisa kumaanisha kupeleka maneno ya maandishi. Kebo ya chini ya bahari iliifikia Zanzibar kutoka Aden mwaka 1879. Bara, nyaya zilifuata reli, kama ilivyokuwa karibu kila mahali duniani, kwa sababu reli ya njia moja haiendeshwi bila stesheni kuulizana kama njia iko wazi. Enzi hizo opereta aligonga herufi kwa mkono. Mwaka 1874 Mfaransa Émile Baudot alisajili mfumo wa kuipa kila herufi ishara tano za umeme. Mwaka 1901 Donald Murray, mtu wa New Zealand, aliuboresha ili mashine ya kuchapa ipokee ujumbe yenyewe, bila mkono wa mtu. Hapo akakutana na tatizo ambalo opereta hakuwahi kuwa nalo: mashine itajuaje kwamba mstari umekwisha?

Murray akaweka humo alama za kuiamrisha mashine yenyewe, alama zisizochapa kitu. Moja inarudisha kichwa cha kuchapia mwanzo wa mstari. Nyingine inasogeza karatasi mstari mmoja. Aliyewahi kutumia taipureta kwenye ofisi ya serikali ya mtaa anazijua kazi hizi mbili kwa mkono wake: unasukuma lile gari la juu lirudi, na karatasi inapanda. Kwenye taipureta mkono mmoja unafanya yote. Kwenye waya zikawa herufi mbili tofauti, na kulikuwa na sababu nzuri. Mashine kama Teletype Model 33, iliyotoka mwaka 1963, ilichapa herufi kumi kwa sekunde. Kichwa chake kilihitaji muda kidogo zaidi ya nafasi ya herufi moja ili kirudi kutoka mwisho wa mstari. Ukitanguliza alama ya kurudi, kisha ukatuma ya kusogeza karatasi, hiyo ya pili inaununua muda. Kichwa kinafika wakati karatasi imeshapanda.

Hapa ndipo ukoo ulipogawanyika. Watu wa mradi wa Multics huko Marekani, katikati ya miaka ya 1960, waliona ni upuuzi kuhifadhi ndani ya faili mahitaji ya kichwa cha mashine ya kuchapia. Wakachukua alama moja tu, ile ya kusogeza mstari, na kuiachia programu inayoendesha mashine iongeze nyingine yenyewe. Unix, iliyozaliwa mwaka 1969, ikarithi uamuzi huo, na Linux baada yake. Upande mwingine, Gary Kildall alipotengeneza CP/M mwaka 1974 alizihifadhi zote mbili. MS-DOS ya 1981 ikafuata CP/M, Windows ikafuata MS-DOS. Kompyuta za Macintosh za awali nazo, kwa ukaidi wao, zilichagua ile ya kurudi peke yake.

Sisi tulikuwa wapi? Kompyuta ya kwanza ya Tanzania, ICT 1500, iliwekwa Hazina mwaka 1965. Mwaka 1974, mwaka uleule wa Kildall, serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na marufuku hayo yalilegezwa polepole baadaye. Simlaumu mtu, matumaini yaliyowekwa kwenye mashine ya Hazina yalikuwa makubwa na hesabu zilizotoka zilikuwa za kukatisha tamaa. Nasema tu kwamba ukoo ulipogawana mali hatukuwa barazani. Kompyuta zilipotufikia kwa wingi, za ukoo huu na za ukoo ule zilifika zikiwa mitumba, zimewekwa meza moja, na hakuna aliyetuambia kwamba hazisemezani.

Sehemu ya pili ya mkasa iliandikwa Januari 1980. Dennis Ritchie wa Bell Labs aliwatangazia wenzake kwa barua pepe kwamba kiini cha Unix sasa kinaelewa faili linaloanza na alama mbili, reli na mshangao, yaani #!. Baada ya alama hizo unaandika jina la programu itakayolisoma faili. Ni kama bahasha: mbele ya barua unaandika mpelekee fulani. Programu yoyote ya JavaScript inayoitwa kwa jina lake kwenye Linux huanza hivyo hadi leo: #!/usr/bin/env node. Maana yake, mwambie env amtafute node, kisha mpe node kazi hii.

Sasa jibu la mzee. Binamu yangu aliandika kwenye mashine ya ukoo wa Kildall. Mwisho wa kila mstari, pamoja na alama ya kusogeza, mhariri wake aliweka ile ya kurudi. Linux ilisoma mstari wa kwanza hadi alama ya kusogeza na kuchukua kila kilichotangulia. Kwa hiyo haikumwambia env amtafute "node". Ilimwambia amtafute "node" mwenye herufi moja ya ziada nyuma yake, herufi isiyo na umbo. Mtu wa jina hilo hayupo Malampaka wala kwingine. Uliposema "node pima.js" uliiruka bahasha, ukamkabidhi mwenyewe barua mkononi, naye Node hajali alama hiyo.

Na zile nukta mbili? Hii ndiyo sehemu niipendayo. Env alilalamika kwa ukamilifu: alitaja jina lake, akataja aliyemtafuta, pamoja na ile herufi ya ziada. Dirisha la amri ni mjukuu wa Teletype, nalo lilipoikuta alama ya kurudi lilitii: likarudisha kishale mwanzo wa mstari. Maneno yaliyobaki yakachapwa juu ya yale ya kwanza na kuyafunika yote. Kosa lilifuta jina lake lenyewe. Matoleo mapya ya env huionyesha herufi hiyo waziwazi, lakini laptopu za vyama vya msingi si matoleo mapya.

Tuliiona kwa amri ya "cat -A", ambayo hufichua yasiyoonekana. Mwisho wa kila mstari ulikuwa na ^M ndogo, mistari mia mbili na zaidi, kama chawa kwenye mshono. Amri moja ya sed iliziondoa. Binamu akaandika pima, akabonyeza Enter, akatoa mikono juu ya kibodi haraka kana kwamba ina moto. Ilipowaka hakushangilia. Alimtazama mzee karani, mzee akaomba kilo za msimu uliopita ziingizwe, mkulima mmoja baada ya mwingine, naye akijumlisha kwa kalamu pembeni. Ilichukua saa nzima. Jumla zilipolingana alifunga kitabu chake bila kusema kitu, na kesho yake kamati ikakubali programu itumike msimu mzima, kwa sharti kwamba daftari nalo liandikwe. Nililipenda sharti hilo.

Ujumbe uleule una mikasa mingine, na mmoja ni wa kuchekesha. Ryan Dahl aliionyesha Node hadharani Berlin mwezi Novemba 2009, miezi michache tu baada ya kebo ya SEACOM kuwashwa Dar es Salaam. Kumbe ndani ya Debian, mojawapo ya Linux kubwa, tayari kulikuwa na programu iitwayo node, ya watu wa redio za ridhaa wanaopelekeana data hewani. Nani amwachie mwenzake? Mwaka 2012 kamati ya ufundi ya Debian iliamua: wa redio abadili jina, na mgeni wa JavaScript aitwe nodejs. Uamuzi wa haki kabisa. Matokeo yake, zana chungu nzima zilizoandikwa "mtafute node" zilifika kwenye Debian na Ubuntu, zikabisha hodi, zikaambiwa hayupo; alikuwa chumba cha pili kwa jina jingine. Ilibidi kiwepo kifurushi cha ziada, nodejs-legacy, ambacho kazi yake ilikuwa kuweka kiungo kimoja tu cha jina la zamani. Mwaka huohuo wa 2012 Maswa ilitoka Shinyanga ikaingia mkoa mpya wa Simiyu, na barua za watu ziliendelea kwa muda kwenda Shinyanga. Nadhani binamu yangu angeielewa kamati ya Debian kuliko mimi.

Nilimfundisha kutofautisha mikasa hiyo miwili. Andika "which node". Ukipata njia, Node ipo, na lawama ziende kwenye bahasha: angalia mstari wa kwanza kwa cat -A. Usipopata kitu, Node haipo au ipo kwa jina au mahali ambapo PATH haifiki. Yeye akaongeza lake: kwenye hazina yake ya Git aliweka faili la .gitattributes lenye agizo kwamba mistari yote iishe kwa alama moja, hata ikihaririwa na kompyuta ya nani.

Notepad ya Windows, mhariri ambao wengi wetu tuliandika humo programu ya kwanza, ilikubali kusoma mistari ya ukoo wa Unix mwaka 2018. Kabla ya hapo ilikuwa ikiyaonyesha mafaili hayo kama mstari mmoja mrefu usio na mwisho. Barua pepe bado zinamaliza kila mstari kwa alama zote mbili, ya kurudi kisha ya kusogeza. Vichwa vya HTTP/1.1 navyo ni hivyohivyo, ingawa hakuna kichwa cha chuma kinachohitaji kusubiriwa upande wowote wa waya.