Birika la chai, birika la ng'ombe

Mwambie mtoto wa Ngulyati, kule Bariadi, alete birika, atakwenda jikoni. Liulizie kwa wachungaji, watakuonyesha lile refu la saruji ambamo ng'ombe hupanga vichwa kunywa. Kiswahili kinalitamka kama neno moja, kumbe ni mawili: Kiarabu kina ibriq, chombo chenye mdomo wa kumiminia, na birka, bwawa la kujengewa. Yalipofika kwetu, sauti zikakutana.

Birka ndilo linalonivuta. Kwenye njia ya mahujaji kutoka Kufa hadi Makka, yenye jina la Zubayda, mke wa Khalifa Harun al-Rashid, mafundi walijenga mabirika ya mawe kukinga maji ya mvua yanayoshuka na makorongo. Walikunywa mahujaji, wakanywa na ngamia. Pwani ya Waswahili neno likaingia msikitini, likawa la maji ya kutawadhia. Mfugaji wa Bariadi basi hajalishusha hadhi kwa kulipeleka zizini. Amelirudisha kwa wanyama waliolijua zamani.

Jirani wa birika ni lambo: ardhi iliyochimbwa, tuta la udongo, maji ya msimu mmoja yanayongojewa yavuke kiangazi. Wasudani huliita hafir, kutokana na neno la Kiarabu la kuchimba. Lambo limekwishaingia kwenye bajeti za halmashauri, bega kwa bega na josho na birika la kunyweshea mifugo, nami hufurahi kulikuta humo, neno la wafugaji kati ya tarakimu.

Lakini kuna neno moja tulilokosa. Baadhi ya mabirika ya Njia ya Zubayda yalikuwa na dogo la pembeni, musaffa, ambamo maji yalipumzika, tope likashuka, ndipo yakapita kwenda kwenye kubwa. Mzizi wake ndio uliotupa "safi". Malambo yetu hujaa tope hadi kina kinaisha, na fundi anayetaka kulizuia hulazimika kueleza kwa sentensi nzima kitu ambacho kingetosha kutajwa tu. Mimi ningekiita kituamio, kutokana na kutuama. Najua wapo watakaosita, maana tumezoea kusikia kutuama kukitajwa pamoja na mbu na malaria. Ila kitenzi hicho hutumika pia kwa maji ya mtungini: uchafu unakwenda chini, na juu yanabaki maji maangavu.