Zoeza (injini)

Kitenzi elekezi, kauli ya kutendesha ya *zoea*. Kuzoeza injini ya dizeli iliyofumuliwa na kuundwa upya ni kuifanyisha kazi kwa kiasi hadi ringi za pistoni zikae sawasawa kwenye kuta za silinda.

Mfano: Kabla ya kubeba kahawa, dereva wa Kayanga aliizoeza injini kwa kupanda na kushuka vilima vya Karagwe na Kyerwa, akibadilisha mwendo mara kwa mara.

Tanbihi: Mfasiri asitumie *bembeleza*. Injini ikingurumishwa muda mrefu bila mzigo, kuta za silinda hung'aa, ringi hazikai, na oili huungua. Mzigo mzito mapema nao huichemsha. Kitenzi kikikosewa katika kitabu cha maelekezo, mwenye gari ndiye hulipa.