Oscar, Staa wa Amazon Ambaye Kila Mtu Humhamisha Bila Kumuuliza Alikotoka

Wadau, kuna jamaa mmoja wa mjini, jina kapuni, mnamjua sana kwa klipu zake za sebuleni. Sofa jeupe, taa za rangi, na nyuma yake tangi lenye samaki mmoja tu, mkubwa, mweusi, mwenye mabaka ya rangi ya chungwa kama moto. Kiukweli watu walikuwa wanamuulizia samaki kuliko mwenye nyumba. Sasa jamaa kahama, nyumba mpya haina nafasi, na Jumapili moja saa nne usiku samaki akafika getoni kwa binamu yangu Sinza akiwa kwenye ndoo ya lita 20, kafunikwa khanga.

Binamu akanipigia simu. "Oya, huyu anakula nini?"

Swali zuri, ila mimi nilitaka kwanza tujue ametoka wapi. Na simaanishi Mbezi. Huyu samaki anaitwa oscar, na ukifuatilia historia yake utaona jambo moja linajirudia kwa karibu miaka 200: kila anayemchukua, anamchukua bila kuuliza alikuwa anaishi vipi kabla.

Turudi nyuma hadi 1817. Mfalme wa Bavaria, ambayo leo ni sehemu ya Ujerumani, alituma wasomi wawili Brazil: Johann Baptist von Spix na Carl Friedrich Philipp von Martius. Walizunguka huko hadi 1820, wakaupanda mto Amazon, wakarudi Munich na shehena ya wanyama na mimea. Spix ndiye aliyekuwa mtu wa wanyama, lakini akafariki 1826 kabla hajamaliza habari za samaki. Kazi ikaangukia kwa kijana wa Kiswisi aliyekuwa bado mwanafunzi, Louis Agassiz. Huyo dogo alikuwa hajawahi kukanyaga Brazil hata siku moja. Alichokuwa nacho ni samaki waliokufa.

Mwaka 1831 akamwandika samaki wetu kwa jina la kisayansi, Lobotes ocellatus. Sasa sikia hii: Lobotes ni kundi la samaki wa baharini. Yaani msomi alidhani huyu ni samaki wa maji chumvi! Samaki wa mito na mabwawa ya msituni, anayeishi kwenye maji yaliyotulia chini ya magogo na mizizi, akasajiliwa kama mkazi wa bahari.

Na si kwamba hakukuwa na wa kuuliza. Watu wa Amazon walikuwa wanamvua na kumla tangu enzi hizo, na hadi leo ni kitoweo kule. Brazil wanamwita apaiari, au acará-açu, jina lenye asili ya Kitupi, na hiyo açu maana yake ni kubwa. Jina lilikuwepo, makazi yake yalijulikana, ila aliyeshika kalamu alikuwa Munich.

Baadaye akahamishiwa kundi la Astronotus, lililoanzishwa 1839 na Mwingereza William Swainson. Astro ni nyota, notus ni mgongo. Staa kabisa, wadau, sijatunga mimi. Lile neno ocellatus likabaki, na maana yake ni mwenye vijicho: lile doa jeusi lenye duara la rangi ya chungwa karibu na mkia. Watafiti wamependekeza kwamba doa hilo huwachanganya piranha wanaong'ata mapezi, kwa sababu linaonekana kama jicho, na piranha anashindwa kujua kichwa kiko upande gani.

Agassiz alikuja kuuona mto wenyewe 1865, miaka 34 baada ya kumpa samaki jina. Safari hiyohiyo alitumia muda Manaus akisimamia upigaji picha za watu wenye asili ya Afrika na wenyeji wa pale, akitafuta ushahidi wa nadharia zake kwamba binadamu hatuna asili moja. Nadharia hizo zimeshatupwa jalalani. Hilo ni la siku nyingine, ila nilitaka mjue tu ni mtu wa aina gani.

Sasa, samaki aliingiaje sebuleni? Waingereza walikuwa wanatoza kodi ya vioo hadi ilipofutwa 1845, na kioo kikashuka bei. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ikafungua nyumba ya samaki, watu wakamiminika. Mwaka uliofuata Philip Henry Gosse akatoa kitabu chake kilicholieneza neno "aquarium", na mambo yakawa moto. Kila familia yenye uwezo ikataka tangi. Miaka ya 1860 ilipofika, fasheni ikawa imeshapoa na matangi mengi yametupwa stoo. Kutrendi na kususwa hakukuanza na Instagram.

Samaki wa nchi za joto walisubiri kidogo, maana Ulaya ni baridi na kuna wakati watu walikuwa wanapasha matangi kwa taa za mafuta na moto wa gesi. Umeme ulipoingia majumbani, hita ndogo zikamaliza ishu. Oscar akapata soko, na soko lake lina ujanja mmoja hadi leo: anauzwa akiwa na urefu wa kidole. Hakuna anayekuonyesha mzazi wake. Mwaka mmoja ukimlisha vizuri anakaribia rula ya shule, yaani sentimita 30, na anaweza kuishi zaidi ya miaka 10. Wewe ulinunua pambo, kumbe umeajiri mpangaji.

Na mpangaji akimshinda mtu, mtu anatafuta mto. Mwishoni mwa miaka ya 1950 oscar aliingia kwenye maji ya Florida, Marekani, kupitia mikono ya wafugaji na waliompandikiza makusudi kwa ajili ya uvuvi. Leo amejaa kwenye mifereji na vinamasi vya Everglades. Kinachomzuia kupanda kaskazini ni baridi tu, maana maji yakishuka hadi kama nyuzi 13 anakufa. Januari 2010 baridi kali ilipoipiga Florida, samaki wageni wengi walikufa, oscar wakiwemo. Halafu waliobaki wakazaliana.

Nayasema haya kwa sababu usiku ule, ndoo ikiwa katikati ya chumba, mshikaji anayekaa na binamu alitoa wazo lake kwa moyo safi kabisa: "Si tukamwachie Ruvu? Kule maji mengi, atafurahi."

Hapana, mwanangu. Sisi tuna historia yetu. Miaka hiyohiyo ya 1950, wakati Florida wanapokea oscar, Ziwa Victoria lilikuwa linaingiziwa sangara. Ziwa lile lilikuwa na furu wa aina mamia, vidogo vidogo, wengine hawapatikani popote pengine duniani. Hadi kufikia miaka ya 1980 sangara alikuwa ameshatawala, na wataalamu wanakadiria aina kama 200 za furu zilipotea. Sangara analeta hela, sibishi, viwanda vya Mwanza vinajulikana. Lakini bibi aliyekuwa anakaanga furu miaka ya sabini hakuulizwa. Na furu, sato na perege wote ni ukoo mmoja na huyu oscar. Kumwachia mtoni ni kumtuma ndugu wa mbali mwenye mdomo mpana akawatembelee ndugu zake wadogo.

Basi Ruvu ikafutwa. Ikabaki kumlea.

Tangi lililetwa kesho yake, lita 300 hivi, na hapo ni sawa, kwa oscar mmoja mkubwa usishuke chini ya lita 280. Tatizo lilikuwa heshima. Jamaa wa klipu alikuwa ameliosha likang'aa, na sponji ya filta kaifua kwa sabuni. Ukiona sponji ya samaki ina utelezi wa kahawia unadhani ni uchafu, kumbe ndiyo injini. Mule wanaishi bakteria wanaobadilisha amonia inayotoka kwa samaki iwe naitraiti, kisha naitreti ambayo haina makali sana. Ukiwaua, samaki anaogelea kwenye mkojo wake mwenyewe, na oscar ni mkubwa, anakojoa sana. Sponji ile tuliitupa. Mzee mmoja anayetengeneza matangi Kariakoo akatupa kipande cha sponji yake chafu kwenye mfuko wenye maji, bure, akacheka sana kuona watu tunashukuru kwa uchafu.

Wiki tatu za kwanza binamu alikuwa anabadilisha robo ya maji karibu kila siku. Maji ya bomba yana klorini, kwa hiyo anayatia dawa ya kuiondoa, na siku dawa ikiisha anayateka na kuyaacha wazi usiku kucha. Hita hatukuwasha, Dar yenyewe ni hita. Aliyeko Arusha au Nairobi mwezi wa saba asithubutu, huyu anataka nyuzi 24 hadi 27.

Siku ya kwanza alilala ubavu chini kabisa, macho yanatutazama. Mshikaji akaanza kumwombea. Oscar wakubwa wakihamishwa wananuna, na kugoma kula siku kadhaa ni kawaida. Tulizima taa, tukafunika kioo upande mmoja kwa ile khanga, tukamwacha.

Umeme ukakatika siku ya nne, saa sita nzima. Hapa historia ya mto ikatusaidia kutulia. Kwenye mabonde ya Amazon yanayofurika, hewa ya oksijeni majini hushuka sana, na oscar ni kati ya samaki wanaovumilia hali hiyo kuliko wengi. Yeye atavumilia. Bakteria kwenye filta ndio hawatavumilia. Kwa hiyo umeme uliporudi hatukumpa chakula, tukabadilisha maji kwanza.

Chakula sasa. Kwao anakula wadudu, kamba, konokono, samaki wadogo, hata matunda yanayodondoka majini. Moyo wa ng'ombe, ambao wafugaji wa zamani waliupenda, una mafuta asiyoyazoea, na samaki hai wa dukani wanaweza kumletea magonjwa. Tembe nzuri na kamba mbichi asiye na chumvi vinatosha. Ana vishimo viwili vitatu kichwani, dalili inayohusishwa na maji machafu na lishe duni ya muda mrefu, kwa hiyo tukamtumia jamaa ujumbe WhatsApp: ulikuwa unamlisha nini, na ana miaka mingapi?

Voisi ikarudi baada ya siku mbili. Miaka hakumbuki, labda sita. Chakula? "Mpeni chochote tu kaka, hata chapati anapiga."

Kamba wa kwanza alimchukua siku ya tisa, mkononi kwa binamu, kwa kishindo kilicholowesha ukuta. Juzi jamaa ameomba aje apige klipu moja ya kuagana naye. Binamu kamjibu aje, ila taa zake za rangi aziache kwenye gari.