Kuchunga Mupira na Kuutuma Mbele



Wengine wanaandika juu ya ujenzi wa kanisa na kazi ya wakatekista. Sisi tunaofundisha watoto mupira kwenye kiwanja cha parokia tumeombwa kueleza asili ya mafundisho yetu. Yanakaa katika mambo mawili: kuchunga mupira na kuutuma mbele.

Hapo mwanzo, jambo la pili lilikatazwa. Sheria zilizoandikwa London mwaka wa 1863 zilisema kwamba muchezaji aliyesimama mbele ya mwenzake mwenye kupiga mupira hana ruhusa ya kuugusa. Basi kila mumoja aliukimbiza mwenyewe mupaka anyang'anywe, wenzake wakimufuata nyuma. Mwaka wa 1866 sheria ililegezwa: mutu aliweza kupokea mupira mbele, ikiwa wapinzani watatu walibaki kati yake na mustari wa golo. Mwaka wa 1872, huko Glasgow, wachezaji wa Uskoti, wote wa kilabu ya Queen's Park, walipambana na Uingereza. Walikuwa wepesi wa mwili kuliko wapinzani wao, lakini walijua kupeana mupira. Muchezo ukaisha 0 kwa 0. Mwaka wa 1925 hesabu ya wapinzani ilishuka kuwa wawili, na njia ya mbele ikafunguka zaidi.

Hapa Lubumbashi, iliyoitwa zamani Élisabethville, masomo ya wamisionari yalisaidia sana kuueneza muchezo huo. Mwaka wa 1939 Wabenedikto wa Institut Saint-Boniface walianzisha timu kwa ajili ya vijana wa skuti, wakaiita Saint-Georges, jina la mutakatifu mulinzi wa skuti. Baadaye wachezaji wa inje waliingia, na wamisionari wakaacha kuiongoza. Haikufa. Kwa jina la Englebert ilishinda kombe la mabingwa wa Afrika mwaka wa 1967 na 1968. Kwa jina la Mazembe, mwaka wa 2009, 2010 na 2015. Desemba 2010, huko Abu Dhabi, ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya kombe la dunia la kilabu.

Kiwanjani kwetu tunaweka watoto wanne katika duara, na mumoja katikati anayetafuta kuwanyang'anya. Hapo wanajifunza kuchunga. Kabla ya kupokea, mutoto ageuze kichwa na kutazama nyuma yake. Asimame upande, apate kuona mupira na golo pamoja. Apokee kwa muguu ulio mbali na mupinzani. Lakini watoto wanaopeana mupira kando kando kutwa nzima hawafiki popote. Kwa hiyo tunawafundisha kutafuta nafasi kati ya wapinzani wawili: wa kwanza anatuma mbele, wa pili anapokea na kumwachia wa tatu, aliyekwisha kuelekea golo. Njia ikifungwa, kurudisha nyuma si haya. Kupiga ovyo ndiko kumupa mupinzani zawadi.

Jambo moja linatusumbua. Mupira unaotumwa mbele unapotea mara nyingi kuliko ule wa kando. Watu wazima wakipiga kelele, «Piga mbali!», na mutoto aliyeupoteza akitolewa palepale, kesho hatajaribu tena. Atautoa kando, ao atauficha miguuni mwake. Hapo hatupotezi mupira mumoja tu, tunapoteza muchezaji. Tunawaomba wazazi wavumilie kosa la mutoto aliyetazama mbele.

Neno hilo linatuhusu sisi pia. Wabenedikto walianzisha timu, wengine wakaipokea na kuifikisha mbali kuliko walivyowaza. Nasi tumeanza kuwaachia vijana wakubwa timu za wadogo, ili waziongoze wenyewe. Wanakosa mara kwa mara, nasi, waliokaa kando ya kiwanja, tunajifunza kunyamaza.